Haika Mlay na Darasa la Kando ya Barabara

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mimi ni Sesilia Komba, nipo nanyi kutoka studio yetu ndogo hapa London mashariki. Leo tunamkumbuka Haika Mlay. Narudia: Haika Mlay. Tangu tulipotangaza kwamba tutamzungumzia, simu zimepigwa hapa kutuomba tuache. Wengine hawakuomba, waliamuru. Nimewasikiliza wote kwa adabu. Na kipindi kipo hewani.

Haika alifariki mwezi uliopita, hospitalini, kwa saratani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Moshi, akalelewa na shangazi yake, kisha akaja Ilford, hapa hapa London mashariki, kwa mama yake, Mama Placida, muuguzi mstaafu ambaye wengi mnamfahamu. Haika alikuwa mwanamke transjenda. Kwa msikilizaji ambaye neno hili ni geni: alipozaliwa walisema ni mvulana, naye tangu utotoni alijijua kuwa ni msichana. Alipokuwa mtu mzima alisema wazi, akachukua jina la bibi yake mzaa mama. Haika.

Mama yake hakumfukuza. Lakini jina hilo hakulitamka. Ameniambia mwenyewe, akiwa amekaa hapa mbele yangu: "Jina la zamani lilimuumiza, jipya likanishinda. Nikawa namwita 'wewe'. Wewe, njoo ule. Wewe, funga mlango. Miaka inakwenda, mtoto anaitwa wewe."

Haika alifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Hayes, London magharibi, karibu na uwanja wa ndege. Jioni moja ya Novemba, akisubiri basi, wanaume wawili walimpiga. Kituo kilijaa watu. Hakuna aliyesogea. Walimvunja jino. Mmoja wao alimtukana neno ambalo sitalirudia hapa, na alilitamka kwa Kiswahili. Haika alisema jino liliuma wiki chache tu. Neno lile liliendelea kuuma, kwa sababu lilitoka kwa mtu wa kwetu.

Alikwenda polisi peke yake. Mdogo wake, Ambrose, anakumbuka: "Nilimwambia, dada, yaache tu, nyamaza. Akanitazama na lile jicho lililovimba. Akasema, 'Ambrose, nimenyamaza na bado wamenipiga. Sasa ngoja nipige kelele.'"

Na akapiga kelele, wasikilizaji wapendwa. Aliomba ukumbi wa jumuiya Ilford, akatangaza mafunzo ya kila Jumamosi: usalama wa watu wa LGBT, yaani wanaopenda jinsia yao au zote mbili pamoja na watu kama yeye, na maisha ya watu transjenda. Wapo waliomwambia kwamba mafunzo kama hayo yamejaa London, kwa Kiingereza. Akawajibu, "Nimetukanwa kwa Kiswahili. Somo nalo litakuwa kwa Kiswahili."

Jumamosi ya kwanza viti vingi vilikaa vitupu. Jumamosi ya pili watu walikuja, lakini mlango ulikuwa na kufuli. Kamati ya ukumbi ilikuwa imepokea malalamiko, haikuthubutu kumwambia ana kwa ana. Haika hakurudi nyumbani. Alivuka barabara hadi duka la vitambaa la Ushma, dada wa Kihindi mkazi wa Queensbury, mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake safi kabisa. Ushma akatoa kila kiti alichokuwa nacho na makopo ya rangi yaliyobaki kwenye ukarabati. Darasa likakaa kando ya barabara, pale pale kwenye maduka, wapita njia wakitazama.

Habari ikamfikia Mama Placida kwa simu: mwanao anakuaibisha Ilford nzima. Akavaa koti, akatoka.

"Nilikwenda kumtoa," anasema. "Nilishapanga maneno yote njiani. Nafika, nakuta mwanamume mzima amemsimamia mwanangu kichwani, anamwambia mtu kama yeye hastahili kuishi. Hastahili kuishi! Na mimi niliyemzaa nimesimama hapo."

Mwanamume yule alipomwona alifurahi. "Afadhali umekuja, mama. Mwondoe huyu kijana wako."

Mama Placida akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka upande wa pili wa barabara: "Huyu ni binti yangu. Anaitwa Haika. Kaa usikilize, au tupishe. Hapa tunasoma."

Ushma ananiambia Haika alimgeukia mama yake. Alifuta macho kwa mkono wa sweta, akafuta tena. Kisha akasema, "Tuendelee. Tulikuwa kwenye swali: ukishambuliwa, wa kwanza kumpigia ni nani?" Mama yake akaketi juu ya kopo la rangi hadi mwisho.

Yule mwanamume hakukaa. Aliondoka akitukana. Siwezi kuwadanganya kwamba alibadilika.

Lakini darasa lilikua. Lilihamia sebuleni kwa Ushma, kisha likafika mpaka Hayes, umbali mfupi tu kutoka kituo kile cha basi. Haika alifundisha namna ya kuripoti shambulio na namna ya kumsindikiza mwenzako nyumbani. Alifundisha kwamba siri ya mtu si yako kuitangaza, hata kwa nia njema. Na wazazi aliwafanyisha mazoezi: mtoto amekuja kukueleza, utamjibu nini? Sema kwa sauti! Siku moja Bwana Mansour, mzee wetu wa Kizanzibari, alisimama, akakwama. Mwisho akasema, "Mwanangu, ushakula?" Watu wakacheka. Haika hakucheka. Akamwambia, "Anza na hilo, baba. Mtoto atajua hajafukuzwa."

Wapinzani walimwaga rangi kwenye mlango wa nyumba yake. Alipaka upya, Jumamosi akafundisha. Dawa za saratani zilimnyoa nywele. Alifunga kilemba, Jumamosi akafundisha.

Alipofariki, kikundi cha misiba cha jumuiya yetu kilimwambia Mama Placida kwamba tangazo litatoka kwa jina la zamani, au halitatoka. Alijibu, "Basi msitoe." Yeye na Ambrose wakapiga simu, mtu mmoja baada ya mwingine, na kila simu ilianza hivi: "Haika wetu ametutoka." Siku ya mazishi kanisa lilijaa, wengine wakasimama nje kwenye mvua. Padri alisoma jina lake sawasawa. Nilikuwepo. Nililisikia.

Mama Placida, Ambrose, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu awape nguvu. Ushma, na ninyi wote wa darasa, poleni sana.

Nawe msikilizaji, uliyekasirika na uliyelia, nakuomba jambo moja. Nyumbani kwako kuna mtu anayepunguza sauti ukiingia? Jiulize anaogopa nini. Usimuulize yeye kwanza. Jiulize wewe.

Jumamosi hii mafunzo yapo Ilford, na mwalimu ni Mama Placida. Wanaotaka kupiga simu kutuzuia, namba ya studio mnayo, nami nitaipokea mwenyewe. Nitawajibu kwa adabu, na nitawaambia tulikuwa tunamzungumzia nani. Haika Mlay, binti wa Placida, dada wa Ambrose. Mwalimu wetu.