Mwinyijuma Hakuwa Mlanguzi

Sogeeni wanangu, na wewe Badru uzime hiyo redio, maana sauti yangu leo haishindani na kitu. Nyumba hii ya Kigombe ni yenu nyote, asiiuze mtu; minazi achukue Zuwena aliyeniuguza. Hayo mepesi. Zito ni la Hilal.

Baba yenu Mwinyijuma alikuwa muuzaji katika duka la ushirika miaka ile ya dhiki, sabuni tunagawana vipande. Hilal, katibu wa ushirika, akapitishia magunia ya sukari na doti za khanga stoo kwetu, na msako wa walanguzi ulipofika, akawaonyesha askari mlango. Jirani yetu Mboni aliwaona wapagazi wa Hilal wakiyaingiza mchana kweupe, akanyamaza kwa hofu. Baba yenu akafia mahabusu, mimi nikaletewa kanzu yake. Biashara zilipofunguliwa, Hilal akatoa mali aliyoificha kwingine, akajenga Raskazone, na watu wakamwamkia kwa adabu.

Nikameza, hadi mjukuu wangu Asmahani aliporudi na kompyuta. Kazini kwao wanaifundisha isome yenyewe kurasa za mtandao na kuokota maarifa: nani ni nani, nani alitenda nini. Nikamwambia aiulize habari za babu yake. Ikajibu: mlanguzi wa Kigombe. Na Hilal? Mfadhili wa yatima. Asmahani akanieleza kwamba mashine haimjui mtu. Ikikuta neno limeandikwa pengi huliamini, na wanawe Hilal wameandika pengi wakimsifu baba yao aliyemfichua mlanguzi. Nikamtaka alifute jibu lile. Akakataa. “Bibi, nikilifuta kwa mkono wangu nitakuwa kama wao. Tuipe kweli iisome.” Nilimnunia, lakini msichana alisema kweli.

Basi andikeni. Mboni ameshaandika huko mtandaoni kwa jina lake, na mpagazi mmoja pia. Watafuteni waliobaki, kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake, asizidishe hata neno, maana mkiongeza uongo mmoja Hilal ataushika huo huo. Nataka wajukuu zake wakiuliza babu yao alikuwa nani, waambiwe, naye angali hai, awatazame nyuso.

Alimtuma sheikh tusameheane. Nikasema aje mwenyewe, atamke alichofanya. Hakuja. Usiinamishe kichwa, Badru. Msamaha ni wangu, sikuutoa, na nitakwenda kuulizwa mimi. Akija mazikoni mpeni kiti, mpeni kahawa, asiguswe. Ila jeneza langu asilishike.

Mola awape riziki ya halali na ndimi zisizoogopa... Asmahani, mama, iulize tena. Sasa hivi. Soma polepole... “Alisingiziwa, kwa mujibu wa mashahidi.” Ee. Na jina la aliyemsingizia, limo?... Limo. Soma hapo tena, mama... sauti juu kidogo... sikusikii vizuri...