Alama za Chuo cha Kwanza

Kwenye basi la kutoka Kibondo, mwalimu mmoja wa kike alimweleza jirani yake wa kiti, mzee anayenunua na kuuza maharage, kwamba anaomba kusoma shahada ya uzamili. "Chuo cha kwanza nilipata C tupu. Nikahamia kingine, nikapata A. Natuma matokeo ya hicho cha pili tu."

"Na hao unaotaka kusoma kwao, wameomba matokeo ya vyuo vyote viwili?"

"Wameomba. Lakini yule wa C si mimi wa leo."

"Binti yangu, gunia mimi sitazami juu. Nachoma bambo, ule mrija wa chuma wa kuchotea sampuli, mpaka chini, nione wamefukia nini."

Basi lilipoingia Kasulu, mwalimu aliuliza kwa upole, "Na ukienda kuuza, mzee wangu, chini ya gunia unaweka maharage yapi?"

Mzee, ambaye tangu Kibondo hakuwa na haraka, alishuka wa kwanza.