Yiamat Lemburis na Supu ya Rika Lake

Ndugu waombolezaji, nazungumza kwa niaba ya familia. Huyu tunayemlaza leo alizaliwa papa hapa Olmotonyi tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mzee Lemburis na mama Nasinyari, waliolima mahindi na kufuga mbuzi upande huu wa Mlima Meru.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akapata cheti cha misitu mwaka 1984 katika chuo kilicho jirani na shamba la baba yake. Alihudumu kama bwana misitu hadi alipostaafu mwaka 2021. Vijana aliowafundisha wanakumbuka alivyowafumba macho kwa kitambaa na kuwanusisha magome, na aliyekosea jina la mti alibeba miche ya wenzake siku nzima. Mwenyewe hakukosea, ijapokuwa muda wote alikuwa na tumbaku ya magadi chini ya mdomo.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na Namelok katika kanisa la Kilutheri. Mungu akawajalia Elifuraha na Peter.

Oktoba 2023 kidonda cha saratani kilitokea chini ya ulimi. Akatupa kikopo cha tumbaku, akafanyiwa upasuaji, lakini Februari saratani ikarudi. Hospitalini Arusha, Daktari Hetal alimweleza tiba iliyokuwa bado kwenye utafiti. Seli za saratani, alisema, hujilimbikizia madini ya chuma ili zikue upesi. Dawa huzivua kinga, na chuma hicho huyaharibu mafuta ya kuta zake, kama kutu inavyokula bati, mpaka zipasuke.

"Kwa hiyo adui huyu atachinjwa kwa kisu chake mwenyewe," Yiamat akasema.

"Tunaomba iwe hivyo, mzee. Ila vidonge vya vitamini na supu za mizizi huenda vikamrudishia ngao. Hatuna hakika. Mpaka tumalize, usiviguse."

Wiki ileile wanarika walifika na kondoo dume. Walimchinja, wakachemsha supu na mizizi, na Solomoni, aliyetahiriwa naye siku moja, akamletea bakuli kwa mikono miwili. Hapa kwetu, mgonjwa hairudishi supu ya rika. Anayeirudisha amelirudisha rika lenyewe, na rika ndilo linalomchimbia mtu kaburi.

Yiamat alieleza aliyoambiwa hospitalini. Namelok akamwinamia, akanong'ona, "Onja tu, baba Elifuraha. Wasije wakatuacha tukuzike peke yetu."

Mvuke ulimpanda usoni. Alikuwa na njaa. Kwa majuma mengi alikuwa akimeza uji tu, tena kwa maumivu. Akalirudisha bakuli.

"Nyweni nyinyi. Mkishiba nyinyi, nimeshiba mimi."

"Umeanza kuiogopa mikono yetu, Yiamat," Solomoni akasema. Akaimwaga supu nje ya mlango, akajitanda shuka, akaondoka. Masika yote hakuna mwanarika aliyekanyaga ua ule. Yiamat alikwenda hospitali na kurudi, na kila alipovuka njia ya kwa Solomoni aligeuza uso.

Uvimbe ulipungua. Julai tiba ilipokwisha na daktari kumruhusu kula atakacho, alitembea mwenyewe hadi kwa Solomoni, akaketi kizingitini.

"Ile supu bado ipo?"

Solomoni akajibu, "Ilishapoa. Itabidi nichinje kondoo mwingine. Wewe mgonjwa una gharama."

Wakanywa bakuli moja, kwa zamu.

Januari saratani ilionekana mapafuni. Daktari Hetal hakumficha: tiba ilimpa miezi, haikumpa miaka. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Namelok.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne na dada yake Nengai. Ameliacha pia rika lake, ambalo leo kabla ya jua kuchomoza lilikuwa tayari limeshika majembe. Solomoni ndiye aliyeanza kuchimba, na alikataa kupokewa jembe.

Yiamat, lala kwa amani. Hatukuziki peke yetu.