Jina la Mwisho katika Daftari la Selpher

Wasikilizaji wapendwa, shusheni sauti za watoto, pandisheni ya redio. Leo tunamkumbuka Selpher Muhonja, muuza samaki wa omena katika soko la Kariobangi na mhudumu wa Komunyo kwa miaka sita. Narudia kwa aliyekuwa jikoni: muuza omena, mhudumu wa Komunyo. Amezikwa wiki hii kwao Shinyalu.

Padre alimteua mwaka 1991 pamoja na walei wengine watatu, watu wasio mapadre, maana waumini walikuwa wengi na padre ni mmoja. Jumapili ya kwanza Selpher alisimama kushoto kwa altare, kibakuli cha hostia, ile mikate midogo ya Komunyo, mkononi. Foleni ya padre ilifika mlangoni. Yake ilikuwa na bibi mmoja asiyeona vizuri. Haya cheka, halafu ujiulize wewe ulikuwa foleni gani.

Baada ya misa jirani mmoja alimngoja nje. "Mama Ayuma, mkono wa omena utanipaje Mwili wa Bwana?"

"Nimeuosha kwa sabuni, dada. Na huo ulimi, uliuosha na nini?"

Ila kazi aliyoipenda hasa ni ya kuwapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani. Utaratibu ulikuwa huu: mhudumu huandika wagonjwa wa mtaa wake katika daftari, katekista, mzee Mbuthia, huyasoma majina, na hostia hutolewa kwa hesabu hiyo. Majina manne, hostia nne. Selpher aliziweka katika kikasha, akakivaa shingoni chini ya sweta, akatembea bila kupiga gumzo na mtu, kwa heshima ya alichobeba. Ukimsalimia, anatikisa kichwa tu. Watu wakasema anaringa.

Nyumbani kwa mgonjwa hutandikwa kitambaa cheupe mezani na kuwashwa mshumaa. Odero, fundi wa kuchomelea vyuma aliyevunjika mgongo, hakuwa na meza. Selpher aliupindua mtungi wa maji, akautandikia kitambaa.

"Odero, siku ukinunua meza nitaacha kuja."

"Basi sinunui."

Mwaka huu wa 1997 figo zikamlaza Selpher mwenyewe. Daftari likabaki chini ya mto wake. Parokiani hakuna aliyeleta majina ya mtaa ule, kwa hiyo ikadhaniwa mtaa ule hauna wagonjwa. Odero alingoja, akanuna. Anasema, "Nilidhani amenichoka. Nilimtukana, nikiwa hapa kitandani."

Binti wa Selpher, Ayuma, ametusimulia hivi: "Kila Jumapili mama alinituma nitandike kitambaa, niwashe mshumaa. Tunakaa tunangoja mtu amletee Komunyo. Ikifika saa nane anasema, zima, tusiumalize. Nilimwambia, mama, jiandike. Akanijibu, 'Nijipakulie mwenyewe kama mtu asiye na jirani?'"

Jumapili tano, wasikilizaji wapendwa. Jumapili tano mshumaa ukawashwa na kuzimwa.

Jumapili ya tano Ayuma akamwendea katekista.

"Mzee, mama hajapokea wiki ya tano sasa."

"Mama yako ndiye mhudumu wa huko, binti yangu. Jina lake limeandikwa?"

"Nani aliandike, na mwandishi ni yeye?"

"Basi aandike. Bila daftari mimi sina la kusoma."

Mzee Mbuthia si mtu mbaya. Ni mimi na wewe, tukiwa tumeshika ufunguo wa chumba cha sakristia.

Ijumaa Selpher aliomba kalamu. Aliandika wale wagonjwa wanne, Odero akiwa wa kwanza. Chini yao, kwa herufi zilizoteleza nje ya mstari, akaandika: Selpher Muhonja. Jumamosi asubuhi akafariki.

Jumapili Ayuma alilipeleka daftari parokiani. Mzee Mbuthia akavaa miwani, akasoma majina yote kwa sauti, akahesabu kwa kidole.

"Hostia tano," akasema.

"Nne, mzee," Ayuma akamwambia. "Odero anangoja."

Ayuma, na jamaa wote wa Shinyalu, poleni sana. Kituo kizima kinawapa mkono wa rambirambi, nami nawapa wangu. Na ninyi mliowahi kuvuka kwenda foleni ya padre, leo tazameni viti vya kanisani kwenu. Kuna mtu hajaonekana. Usingoje jina lake lisomwe. Nyumba yake unaijua.