Sitini Kabla ya Saa Kumi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, nje ya mlango wa Fundi Cherehani, na aliyekaa ncha moja hakusimama bila kumuaga wa ncha ya pili, la sivyo mwenzake alijikuta chini na kikombe chake. Hapo ndipo Kamati ya Kujitolea ya Kuelimisha na Kuandikisha Wapiga Kura ilipofanyia vikao vyake. Wajumbe walikuwa watatu: Fundi, mwenyekiti; Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, mhamasishaji; na Mzee Faili, katibu, aliyestaafu ukarani baada ya miaka thelathini na moja na bado alitembea na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuidhinishia. Shangazi yake Fundi, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vyake mwenyewe, aliuza kahawa pale pale. Yeye hakuwa mjumbe wa kitu chochote.

Ilikuwa Ijumaa, inakaribia saa tano na nusu asubuhi, siku ya mwisho ya uandikishaji. Barua ya ofisi ya uchaguzi ilikuwa wazi: mtaa usiofikisha majina sitini kufikia saa kumi jioni hautapewa kituo chake siku ya kura, utaunganishwa na wa ng'ambo ya daraja. Uchaguzi uliopita Shangazi alivuka daraja hilo na goti lake bovu, akafika mlango unafungwa. Safari hii Fundi alimwahidi mbele za watu kwamba atapigia kura mtaani kwake, na akirudi nyumbani atakuta chai yake bado ya moto. Fundi alikuwa mzoefu wa kuahidi gauni Alhamisi na kulitoa Jumanne. Ahadi hii alijua haisogezeki.

— Siku ya tano leo, na sijaona mtu hata mmoja akipita hapa na kadi mpya, — alisema, amekaa kizingitini akifumua pindo la suruali. — Tumekosea wapi?

— Hatujakosea popote, — alisema Wembe. — Mimi peke yangu nimeelimisha vichwa mia na ishirini. Anayekaa kwenye kiti changu hainuki mpaka azijue haki zake.

— Hainuki kwa sababu umemshikia wembe shingoni.

— Ndiyo mbinu yenyewe. Umewahi kuona mwanafunzi aliyetulia kama huyo?

Mzee Faili alikohoa, kikohozi cha kufungua ajenda.

— Tatizo ni la kimuundo, waheshimiwa. Hatuna kamati ndogo.

— Mzee, tuko watatu.

— Ndiyo maana nikasema ndogo.

— Muundo tuuache, — alisema Wembe. — Tatizo ni ile mashine ya alama za vidole. Mteja wangu mmoja kaniambia ikishakuchukua vidole, mkeo anaweza kwenda ofisini kuuliza jana ulishika nini.

— Mteja gani huyo?

— Simtaji. Lakini siku hizi anavaa glavu.

— Hilo dogo, — alisema Mzee Faili. — Mimi niliyekaa humo ndani nawaambia: majina yakiandikwa mapema mno yanachakaa. Ofisini tulikuwa na chumba kizima cha kuyaanika.

— Kuanika majina?

— Mafaili. Lakini jina liko ndani ya faili, halijabaki nyumbani.

Fundi alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anasuuza vikombe, uso hausemi lolote.

— Basi niwaambie ukweli wote, — Wembe alishusha sauti, na sauti ya Wembe ikishuka ilisikika mpaka bombani. — Hao wa ng'ambo nao hawana watu. Wanazungusha walewale. Mtu anaingia na ndevu, anaandikwa, anatoka, ananyolewa, anarudi kama mdogo wake.

— Ananyolewa na nani?

Wembe alikunywa kahawa kidogo.

— Si mimi. Mimi ningemkumbuka.

Mzee Faili alikuwa ameshafungua daftari aingize ndevu kwenye kumbukumbu za kikao, pale mwanamke mwenye mtoto mgongoni aliposimama mbele ya mlango. Alikuwa anasoma bango. Lilikuwa mojawapo ya mabango arobaini waliyoyabandika mtaa mzima, na maneno yake yaligharimu vikao vitatu, kimoja juu ya alama ya mshangao peke yake: MWANANCHI! KURA NI HAKI YAKO. JIANDIKISHE SASA. USINGOJE KUAMBIWA.

— Hamjambo, wazee wangu.

— Hatujambo, binti. Karibu.

— Asante. Nimehamia nyumba ya kona, wiki mbili sasa. Hili tangazo nimelisoma mara mbili, na lile la kwenye nguzo, na la bombani. Naomba kuuliza kitu.

Mzee Faili alinyoosha mgongo. Miaka thelathini na moja alikuwa akimsubiri mwananchi wa namna hii.

— Uliza, binti. Umri, makazi, sifa, kifungu chochote unachotaka.

— Wanaandikishia wapi?

Wembe alimtazama Mzee Faili. Mzee Faili akalitazama bango. Fundi alilisoma kuanzia juu hadi chini, pole pole, kama mtu anayepima kitambaa alichokwisha kukikata.

— Rasimu ya kwanza ilikuwa na mahali, — alisema Mzee Faili hatimaye. — Nikapaondoa. Barua ilisema mahali patatangazwa rasmi.

— Pakatangazwa?

— Barua inasema tangazo liko kwenye ubao.

— Ubao gani, Mzee?

Mzee Faili alivaa miwani, akaikunjua barua, akasoma kwa sauti inayozidi kufifia:

— "Ubao wa matangazo uliopo kituoni."

Hata Wembe hakucheka.

— Nyinyi wenyewe mlijiandikishia wapi? — aliuliza mwanamke, kwa upole kabisa.

— Mimi ni mhamasishaji, — alisema Wembe. — Nilikuwa nawaachia wananchi watangulie.

Mzee Faili alifuta miwani iliyokuwa safi. Fundi hakuthubutu kugeuka upande wa kahawa.

— Ghala la zamani la magunia, — alisema Shangazi, akibana kifuniko cha birika. — Nyuma ya posta.

— Shangazi, wewe umejuaje?

— Karani wa uandikishaji anakunywa kahawa kama watu wengine. Jumatatu alipita hapa akitafuta maji, nikamuuliza anafanyia kazi wapi. Kila siku saa tano na nusu nampelekea birika. Kadi yangu ninayo tangu siku hiyo.

— Mbona hukutuambia?

— Mlikuwa kwenye kikao.

Fundi aliiweka suruali kando.

— Wamefika wangapi?

— Jana jioni, akirudisha birika, alisema arobaini na wawili. Kila akiniona ananiuliza kama mtaa huu unakaliwa na watu.

Bado kumi na wanane. Wao watatu, na binti huyu wa nne. Wanabaki kumi na wanne. Fundi aligeuka akatazama ndani ya duka. Kwenye kamba zilining'inia nguo zilizokwisha, ishirini na mbili, zimepigwa pasi, na leo Ijumaa wenyewe wangekuja kuzifuata. Aliingia, akazishusha zote, akatoka nazo begani kama aliyebeba familia nzima.

— Leo nguo zinachukuliwa ghalani, — alisema.

— Hilo ni halali kweli? — aliuliza Mzee Faili. — Kumlazimisha raia kwa suruali yake?

— Asiyetaka kujiandikisha nitampa suruali yake na asante juu. Lakini atakuwa ameshafika.

Mzee Faili alifikiri, akaitikia kwa kichwa.

— Hakuna kifungu kinachokataza.

— Mimi nina mtu ndani, — alisema Wembe. — Nimemnyoa nusu.

— Mlete hivyohivyo. Hatakukimbia.

— Kahawa inaondoka, — alisema Shangazi, na birika likatangulia.

Wembe na Mzee Faili waliliacha benchi kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeanguka. Fundi alitoa chaki yake ya kukatia, akaandika mlangoni, chini ya bango: NGUO ZENU ZIKO KITUONI. GHALA LA MAGUNIA, NYUMA YA POSTA. MWISHO SAA KUMI. Mzee Faili alichomoa kalamu ya kuidhinishia apate kuongeza neno "rasmi", akakuta haiandiki juu ya mbao, akairudisha mfukoni na kuwafuata wenzake.

Hawajafika hata kwenye kona, mama mmoja alisimama mlangoni akitafuta gauni lake. Alisoma mara moja tu, akageuka kuelekea posta.