Ile Nyekundu Iko Wapi?

Asubuhi hiyo, kwenye benchi letu la mtaa wa Makina nyuma ya msikiti, hata kahawa ya Lukman, anayetuuzia kila siku, ilikuwa chungu kupita kiasi. Shivachi, fundi tunayemwita Breki, alikuwa ameokota vyuma chakavu akaunda baiskeli sita za watu wote: unachukua moja hapa, unaendesha hadi mtaa wa Kawangware, unamwachia mwenzako. Sasa ile nyekundu haikuwa huku wala kule.

— Imeuzwa kwa kilo, akasema Farouk, ambaye kwa mdomo wake tunamwita Wakili. Mwenda pole hajikwai, Breki. Hiyo yako ilikuwa na mbio sana.

— Wacha wewe! akadakia Wekulo muuza makaa, anayejiita Profesa. Hao ni watu wa boda. Wameona wateja wanapungua, wameificha.

— Ficha gani? Wakili akajibu. Saa hii iko Busia mpakani, imebeba ndizi.

— Buda, hiyo ishavuka hadi Uganda, Profesa akazidisha. Ishapewa hadi jina lingine!

Nasike hakucheka. Yeye hufulia watu nguo Kawangware.

— Nikienda na mguu, napata kazi imepewa mwingine. Nikilipa nauli, narudi mikono mitupu. Breki, usifunge hii kitu.

— Nani amesema nafunga? Zimebaki tano, zitaenda hizo tano. Ikibaki moja, mtapanda kwa zamu.

— Na hiyo moja ikiibwa? Wakili akauliza.

— Naunda ingine.

Hapo akatokea mwanamke tusiyemjua, anasukuma ile nyekundu, mnyororo unaning'inia.

— Sasa nyinyi, akatusalimu. Naitwa Annet, nasaidia wamama kujifungua huko Kawangware. Jana jioni nilikuwa huku, nikapigiwa simu kuna mama ameshikwa na uchungu. Barabara imejaa, gari hazisongi. Nikachukua hii. Nikiwa karibu kufika, mnyororo ukakatika. Nikaisukuma mbio. Kunawa mikono tu, mtoto huyo!

— Mzima? Nasike akauliza.

— Mzima kabisa. Analia mpaka majirani wamejua. Lakini niwaulize: mnyororo ungekatika mbali, ningempigia nani?

Wakili akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Breki aliweka kikombe chini. Akatoa msumari mfukoni, akapiga magoti kando ya baiskeli, akaanza kukwaruza namba yake ya simu kwenye madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, akikandamiza kila tarakimu mpaka rangi ikabanduka.