Nafasi Mbili za Mugonjwa

Ndugu zangu, mnisamehe, karatasi niliyoanza kuwasomea haikuwa ya maisha ya marehemu, ilikuwa orodha yake ya bei za moto, hizi pikipiki zetu za abiria, na mimi, niliyetembea Kigoma, Lusaka mpaka Durban, nimefika kwenye "kiloba cha muhogo, nusu nafasi" kabla ya kushtuka, na bamama wa kwaya walikuwa wamekwisha kuitika amina. Sasa nimeshika ile yenyewe.

Kaka yangu Wilfried Etabo alizaliwa Fizi-Centre tarehe 14 Machi 1969, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akateremka Baraka kwa sekondari, akaiacha mwaka 1988 karo iliposhindikana. Tarehe 22 Novemba 1997 alimuoa Espérance, Mungu akawapa watoto watano, vita vikatuvusha ziwa, tukarudi mwaka 2006, miaka miwili baadaye akanunua moto, na mwaka 2015 bamotari wenzake wa Baraka wakamchagua prezida wa chama chao.

Hapa familia iliniambia nipite mbio, lakini mimi na mbio hatujapatana tangu tumbo hili liote. Mugonjwa wa kwetu hapandi moto peke yake, anakaa katikati, nyuma yake muntu wa kumushika asianguke, na katika mkutano wa Juni 2017 swali likawa, walipe nafasi moja ao mbili? Wengine walisema ugonjwa si biashara, wengine wakasema motari naye ana batoto, na kaka akakata shauri: "Moto haijue nani iko mugonjwa. Bantu babili, nafasi mbili." Watu wakapiga makofi, mimi kuliko wote.

Mwezi wa nane, mama Nella Nijimbere, mkimbizi wa Burundi anayelima jirani na shamba letu, alifika kituoni na binti yake mwenye homa kali, mkononi ana bei ya nafasi moja tu. Motari akamwambia, "Mama, basi mutoto apande peke yake." Mtoto hakuweza hata kushikilia shati, mama akamfunga mgongoni, akatembea, naye akamfia mgongoni kabla ya dispensari.

Kaka aliomba kura upya, mugonjwa na mushika wake wawe nafasi moja, na abiria wengine wote waongeze kidogo ili motari asipate hasara. Watu wa sokoni wakafoka, "Mi niko muzima, nalipia homa ya nani?" Kura ikapita kwa shida, nusu ya bamotari wakahama chama. Kwa mama Nella alienda mara tatu, mara tatu akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka jikoni.

Januari 2023 ini lilianza kumvimba, akalazwa Baraka, kisha tukampandisha Fizi-Centre kwa moto, yeye katikati, mimi nyuma, na huko alikata roho Jumanne tarehe 12 Septemba.

Tunawashukuru waganga, majirani, na bamotari mliobeba sanduku. Lakini tumesikia Jumapili mnataka kurudisha nafasi mbili, na kaka aliniuliza habari hiyo mpaka pumzi ya mwisho, basi prezida Eddy, uliyeshika kiti chake, nikuulize hapa mbele yake, mtazirudisha?

Pumzika, Etabo, kilima kimekwisha.

Eddy alisimama, mama Nella akimtazama kutoka nyuma.

"Ule motari wa kituoni ilikuwa mi. Nafasi moja. Muzike."